Jinsi Taisto Hietala Alivyoikinga Mikono Yake na Mvua

Sogeeni, enyi mliokaa na enyi mliosimama! Zimeni redio, mtoeni mbwa nje, aliye na kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana hapasimuliwi hapa habari ya wafalme walioteka miji, wala ya majemadari waliovusha majeshi juu ya milima yenye theluji. Hao wamekwisha kusimuliwa hata wamechosha. Hii ni habari ya mikono miwili ya mtu mmoja, na ya mvua iliyoitaka mikono ile kuanzia alfajiri hata magharibi, na ya namna mtu yule alivyoinyima. Na ulimi unaosimulia ujizuie, usicheke kabla ya wakati wake.

Alikuwako katika Rasi ya Juu ya Michigan, upande wa Baraga, kule ambako Ziwa Superior huamka na hasira kila Novemba na kuwatemea watu wasio na hatia, mtu jina lake Taisto, mwana wa Reino, mwana wa Hietala mchimba shaba. Babu yake alipasua mwamba kwa nyundo. Baba yake alikata magogo msituni miaka yote, akapoteza kidole kimoja na hakukitafuta. Naye Taisto, chipukizi la mashujaa hao, Simba wa Vigae, Mwenye Vidole Vyororo, aliuza vigae vya bafu mjini Marquette, katika duka lenye joto la kutosha kulea vifaranga, na jambo gumu kuliko yote aliyoyagusa kwa mikono ile lilikuwa kikombe cha kahawa.

Marehemu Reino hakuacha hisa wala nyumba ya kifahari. Aliacha dungu. Lilikuwa mbao za mwerezi zilizopigiliwa kati ya miti miwili, pembeni mwa kinamasi, mahali kulungu hupita tangu kabla watu hawajafika na bunduki zao. Halikuwa na paa, kwa kuwa Reino aliamini kwamba mwindaji aliyejengewa paa ni mtu aliyetandikiwa kitanda. Naye kabla ya kufumba macho aliweka sheria mbele ya ndugu yake Veikko: dungu ni la Taisto, mwanawe mkubwa, mradi siku ya kufunguliwa msimu wa kuwinda alikalie kuanzia mapambazuko hadi giza. Akilikimbia mara tatu, liende kwa Lempi, dada yake.

Taisto alikwisha kulikimbia mara mbili. Mwaka wa kwanza alirudi kambini kahawa ya asubuhi ingali moto, akisema vidole vyake vimekufa. Mwaka wa pili alifika adhuhuri machozi yakimtoka, akasingizia upepo. Na sasa ulikuwa mwaka wa tatu, na redio ilitabiri mvua.

Hapa msimcheke upesi. Taisto alilipenda dungu lile. Upande wa kulia wa ubao wa kuegemea palikuwa na bonde dogo, lililolika kwa kiwiko cha baba yake, na yeye alipokaa aliweka kiwiko chake humo humo na kikamtosha. Hakuwa na kitu kingine chochote kilichomtosha hivyo. Aliogopa kulikosa, akaogopa zaidi kuliona likikaliwa na Lempi, ambaye aliendesha katapila la wilaya la kusukuma theluji, hakuwahi kulalamika kwa baridi maishani mwake, na alikuwa na tabia mbaya ya kusema kweli wakati wa chakula.

Basi mkesha wa vita hivyo, kambini, katika kibanda cha magogo chenye jiko moja na vitanda vinavyopiga kelele, Taisto alizimwaga silaha zake juu ya meza. Palikuwa na glavu za betri zenye kuwaka taa nyekundu. Palikuwa na vipakiti vya joto, vile vya kutikisa hadi vipate moto. Palikuwa na glavu ndefu za mpira kama za mvuvi wa samaki, zifikazo viwikoni, na palikuwa na mfuko wa manyoya ya sungura, wa kufungwa kiunoni na kutumbukiza mikono pande zote mbili, kitu ambacho mabibi wa kale walikwenda nacho kanisani. Lempi alisimama akaitazama hazina ile akitafuna mkate.

"Kaka," alisema, "hivi bunduki umekumbuka kuleta?"

"Iko garini."

"Afadhali. Nilidhani unaenda kumkanda kulungu misuli."

Ami Veikko, mzee wa kambi, mpishi na hakimu, alicheka puani huku akikoroga sufuria. "Mwache mwenzio. Lakini Taisto, glavu za baba yako ziko wapi? Zile za ngozi?"

Msikilizaji na atulie hapa, maana hapa pana msiba. Glavu za Reino zilikuwa za ngozi ya kulungu, zisizotenganisha vidole, pana, na ndani yake zilivaliwa nyingine za sufu. Reino alikaa nazo dunguni misimu yote, mvua na theluji, na hakuna aliyemsikia akizungumza habari ya mikono yake. Taisto alizivaa jioni ile akibeba kuni mvuani, ati zizoee vita, zikalowa chepechepe. Naye kwa kutaka ziwe kavu asubuhi, akazipeleka sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke, akazitundika juu ya mawe ya moto, akafunga mlango, akarudi kunywa kahawa akiwa amevaa glavu za betri, taa zikiwaka, ili watu waone.

"Ziko sauna, zinakauka," alijibu kwa fahari.

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Sauna wapi?"

"Juu ya mawe."

"Mungu wangu," Ami Veikko alisema polepole. "Ngozi ya kulungu. Juu ya mawe. Na wewe umezaliwa hapa hapa."

Lempi alitoka mbio, akarudi amezishika kwa ncha za vidole. Zilikuwa zimejikunja, zimekakamaa, zimekuwa ndogo za kumtosha mwanasesere, na alipozigonga mezani zililia ko ko. Hakuna mtoto wa upande ule asiyejua kwamba ngozi hukaushwa mbali na moto, taratibu, huku ikifikichwa mikononi. Taisto alijua vigae. Alizitazama glavu za baba yake, lakini shujaa hawezi kukiri kosa mbele ya dada yake, kwa hiyo akapanda juu ya benchi.

"Sikilizeni, enyi nyumba ya Reino!" akanena. "Nyakati za ngozi zimepita! Kesho, kabla jua halijathubutu, nitapanda katika dungu la baba yangu, nami sitashuka mpaka giza limeimeza ardhi yote. Inyeshe mvua, ianguke barafu, ziwa lenyewe lipande kuja kunitafuta, sitabanduka! Nami nitarudi kwenu na mikono mikavu kama unga, yenye moto kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi, na wewe ami utaishika kwa mikono yako na kushuhudia!"

"Shuka kwenye benchi, lina mguu mbovu," alisema Ami Veikko.

"Mimi nitaleta taulo," alisema Lempi, "za machozi."

"Sheria ya Reino haikutaja mikono mikavu," mzee akaongeza. "Imetaja giza. Ukikaa mpaka giza, dungu ni lako. Hayo mengine umejitwisha mwenyewe."

Kulipopambazuka, adui alikuwa amekwisha kuizingira nchi. Haikuwa mvua ya heshima, inayonyesha ikamaliza haja zake ikaondoka. Ilikuwa ile ya Novemba, nusu maji nusu barafu, inayoshuka kimshazari, inayobisha hodi shingoni na kuingia bila kukaribishwa. Taisto akapanda ngazi, akaketi, akapakata bunduki, akaweka kiwiko chake mahali pake. Akaziwasha glavu za betri. Taa nyekundu ikakonyeza mara chache, kwa huruma, ikazimika, maana nguvu zake zote zilikwisha kutumika usiku kucha kupasha moto kikombe ambacho tayari kilikuwa na kahawa ya moto. Hivyo kikosi cha kwanza kikaanguka kabla ndege hawajaamka.

Jemadari hakutetereka. Akavua zile maiti, akavaa glavu za mpira, na ndani yake akashindilia vipakiti vya joto, akavibana vizuri hewa isipite hata kidogo. Ole wake asiyesoma maandishi madogo! Vipakiti vile huishi kwa hewa. Vilipofungiwa ndani ya mpira vilitoa joto la kumpasha chawa, vikazimia, na kwa muda mrefu Taisto alikaa ameshika vijiwe viwili vya baridi, akivitikisa na kuvibembeleza kwa maneno ambayo hayakufundishwa katika kanisa la Kilutheri. Jasho lake mwenyewe likalowesha mpira kwa ndani, hata akawa amelowa mahali pekee ambapo mvua haikufika.

Akaivua mipira ile, akaugeukia mfuko wa manyoya, walinzi wake wa mwisho. Akatumbukiza mikono, na kwa kitambo alistarehe, akaanza hata kutabasamu kwa dharau akiitazama mvua machoni. Kisha akasikia kitu kichakani, akainua darubini. Alikuwa kindi. Alipoinua mikono, maji yaliyokuwa yakingoja kwenye makunjo ya mikono ya koti yakaona njia, yakateremka hadi kwapani. Na alipoishusha, yakageuka, yakateremkia mfukoni. Akasikia tena kitu, akainua tena. Kindi yule yule. Baada ya kindi yule kufanya mizaha yake yote, mfuko wa manyoya ulikuwa ndoo, na vidole vya Taisto vilikuwa vikiogelea ndani yake na sungura marehemu.

Ndipo likaja jaribu kuu. Kutoka dunguni, mtu akigeuza shingo, huona moshi wa kambi. Chini ya moshi ule palikuwa na jiko, na karibu na jiko palikuwa na kiti, na Ami Veikko alikuwa akikaanga kitu chenye kitunguu. Vidole vya Taisto vilikuwa vyeupe mpaka kwenye kifundo cha mkono, havimjui tena. Akasimama. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Akaanza kutunga atakalosema: kwamba ameitwa dukani, kwamba kifua kinambana, kwamba sheria za wafu zisichukuliwe neno kwa neno.

Mguu ukakaa pale pale. Alimwona Lempi, kana kwamba tayari, ameketi ubaoni na chupa yake ya chai, kiwiko chake kwenye bonde la kiwiko cha baba, wala hasemi kitu, kwa kuwa hana haja ya kusema. Taisto alilia, na safari hii hapakuwa na upepo wa kusingizia. Akaurudisha mguu. Akaketi tena mvuani, akiwa hana silaha hata moja, na huo ndio ulikuwa ushujaa wake wa kweli siku ile, nao ulidumu kama dakika moja, maana mara baada ya hapo alianza kufikiri.

Akakumbuka pasti. Kila mwindaji wa kambi ile hutoka asubuhi na pasti yake kifuani, ule mkate uliofungiwa ndani yake nyama na viazi na kitunguu, umetoka tanuri, umezungushiwa gazeti na taulo, umetiwa katika mfuko wa mkate wa dukani ili usilowe. Ami Veikko huzifunga kwa namna ambayo adhuhuri bado zinatoa moshi. Taisto akapeleka mkono kifuani, akaigusa, akaguna kwa raha. Moto! Joto lililo hai, lenye mafuta, lenye mapenzi ya jamaa! Hapo hekima ikamshukia, nayo haikuwa ya kawaida.

Akaufungua ule mfuko kiunoni, akautupa miguuni pamoja na glavu zote. Kisha, bila kufungua kifungo hata kimoja cha koti lake la mvua, akaanza kuivuta mikono yake ndani. Msikilizaji, vita vilivyopiganwa ndani ya koti lile havina mfano. Mkono wa kushoto uliingia kwa utii. Mkono wa kulia ulikwama kwenye kiwiko, ukasukuma, ukarudishwa, ukashambulia tena kutoka ubavuni. Koti likavimba huku na kule kama gunia lenye paka. Dungu likayumba, bunduki nusura ianguke, na mtu angepita pale angedhani Reino amefufuka anagombana na mwanawe. Hatimaye mkono ukaingia. Taisto akaifuta yote miwili kwenye shati lake kavu, akaikumbatia pasti, akaisukuma kwapani, vidole huku na huku. Mikono ya koti ikabaki ikining'inia mitupu pande mbili, ikichuruzika.

Akaketi hivyo, shujaa asiye na mikono, bunduki imelala magotini, na mvua ikampiga juu, na mbele, na nyuma, isiipate mikono. Ilipata kila kitu kingine. Ilipata shingo, ilipata magoti, iliingia viatuni ikakaa. Lakini mikono ilikuwa mikavu, nayo ilikuwa na moto, na kiburi kikamjaa.

"Piga!" aliiambia mvua kwa kunong'ona. "Piga, ewe mwana wa ziwa! Umeyaangusha majeshi yangu matatu, na ngome hii huiwezi!"

Adhuhuri ikafika, na njaa nayo. Harufu ya kitunguu ilipanda polepole kutoka kifuani, ikatokea kwenye kola, chini kabisa ya pua yake. Tumbo likalia. Akaiwaza pasti, ukoko wake, kile kipande cha pembeni chenye mafuta. Lakini kuila ni kulibomoa jiko lake kwa meno yake mwenyewe. Akakataa. Akakaa amekikumbatia chakula huku akifa njaa, akijiona mtakatifu.

Mchana ukazeeka. Nuru ilipoanza kupungua, kulungu akatoka kwenye mierezi.

Lilikuwa dume. Lilikuwa dume la namna ambayo watu huizungumzia katika baa hadi wake zao huja kuwachukua: shingo nene, pembe zenye matawi kama kiti cha uvivu kilichopinduliwa. Lilitembea bila haraka likaja hadi chini ya dungu. Likasimama. Likainua kichwa likamtazama Taisto. Naye Taisto akalitazama. Ndilo hasa alilokuwa akilingoja baba yake misimu mingi, au mtoto wa lile alilolingoja, na lilikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kulitemea mate.

Bunduki ilikuwa magotini. Mikono ilikuwa kwapani.

Basi ndani ya kifua cha shujaa yakaketi mabaraza mawili. Moja likasema: toa mkono, mpumbavu! Lingine likasema: ukiutoa utalowa, ukilowa utaganda, ukiganda utakimbia, na ulikula kiapo juu ya benchi, mikavu kama unga, yenye moto kama mkate, ami yako ataishika. Dume likasogea, likajikuna shingo kwenye ngazi ya dungu, kwa muda, kwa starehe, hadi ubao wa kukalia ukatetemeka. Likakojoa. Halikuwa na miadi popote. Muda huo ungetosha kwa mtu kuvua koti lote, kulikunja na kulivaa upya.

Taisto akachagua mikono.

Dume likanusa hewa, labda lilisikia kitunguu, halikuona ubaya, likateremka taratibu kuelekea kijitoni. Punde ukasikika mlio mmoja wa bunduki kutoka upande huo. Taisto akajiambia kwamba msitu ni mkubwa na watu wenye bunduki ni wengi.

Giza likaja, likaimeza ardhi yote kama alivyoagiza. Akaitoa mikono kwa hadhari, akaivika upesi mifuko miwili ya mkate, ule wa pasti na mwingine aliotilia soksi za akiba, hekima ambayo ingemfaa sana asubuhi. Akaitoa risasi, akaishusha bunduki kwa kamba, akateremka kwa viwiko na kidevu, akaikosa ngazi ya mwisho, akakaa matopeni. Mikono aliiinua juu alipokuwa akianguka. Haikuguswa na tone.

Akaingia kambini akitiririka, mikono mbele, katika mifuko yake. "Ami!" akaita. "Simama! Vua kofia! Aliyeondoka ndiye aliyerudi, na giza limeshuhudia! Ishike!"

Ami Veikko akajifuta vidole kwenye aproni, akaivua ile mifuko, akaishika mikono ya mwana wa ndugu yake. Akaigeuza. Akaibonyeza. Akainusa.

"Mikavu," alisema. "Ina moto. Inanuka kitunguu."

"Tamka, ami! Tamka mbele ya watu!"

"Watu gani? Niko peke yangu." Lakini mzee alikuwa mtu wa haki, na kwa kweli alikuwa ameguswa kidogo. Akakohoa, akasimama wima. "Umekaa mpaka giza. Dungu la ndugu yangu ni lako, Taisto, wala hakuna wa kukuondoa. Baba yako angefurahi. Umeona chochote?"

Taisto akaitazama mikono yake. Kabla hajapata uongo unaofaa, mlango ukasukumwa kwa bega, akaingia Lempi. Alikuwa amelowa hadi kwenye nyusi. Glavu zake za sufu zilikuwa zimeshikamana na vidole, na alipozivua kwa meno, mikono ilitoka ya buluu, imejikunja, haifunguki.

"Nimeangusha," alisema. "Dume. Kubwa, ami, kubwa kuliko lile lenye kichwa pale ukutani. Liko pale kijitoni. Nimeshindwa kulipasua, kisu kinaniponyoka, vidole havinisikii kabisa." Akamgeukia kaka yake. "Wewe ulisema una mikono. Unayo?"

"Anayo," alisema Ami Veikko. "Nimeikagua mwenyewe. Goti langu haliendi huko. Mpe kisu."

Wakaenda wawili, Lempi mbele na taa, Taisto nyuma na mikono yake. Dume lilikuwa limelala kwenye majani yaliyolowa, na mvua ilikuwa ikiliosha. Taisto alilitambua mara moja. Akapiga goti, akaukunja mkono wa koti, na ile mikono iliyolindwa kuanzia alfajiri, iliyogharimu betri na mpira na sungura, iliyomgharimu chakula cha mchana, ikatoka mvuani mitupu ikashika kisu. Ikalowa papo hapo.

Akakata kama baba yake alivyomfundisha. Akaingiza mikono ndani hadi viwikoni, na akashtuka, akabaki hivyo bila kusogea. Humo mlikuwa na joto ambalo pasti haikulijua. Lilimpanda mpaka mabegani. Siku nzima ile hakupata joto kama hilo, nalo lilikuwa la kulungu wa dada yake.

"Nisogezee," alisema Lempi. Akaweka taa chini, akachuchumaa, akatumbukiza na mikono yake kando ya ile ya kaka yake, akafumba macho. "Aah. Hapo sasa."

"Mikono yako ililowa saa ngapi?" Taisto aliuliza.

"Asubuhi. Inalowa kila mwaka." Akafungua macho. "Kaka. Nimefuata nyayo zake kabla ya kuja kuwaita. Zimetoka chini ya dungu. Amesimama pale, amezunguka, amekojoa. Manyoya yake yako kwenye ngazi."

Mvua ikanyesha. Taisto akakiokota kisu, akakifuta kwenye majani.

"Mikono ilikuwa ndani ya koti," alisema.

"Yote miwili?"

"Yote miwili."

Lempi alijaribu kujizuia. Alijaribu kweli, kwa ajili ya marehemu. Kisha akacheka hadi akakaa chini matopeni, akacheka hadi akashika ubavu, na Taisto akatazama pembeni, masikio yakimwaka.

"Basi lichukue," alisema kwa uchungu. "Lichukue dungu. Nenda kamwambie ami. Unalitaka tangu zamani."

"Nililitaka," Lempi alisema akijifuta macho kwa mkono wenye damu. "Silitaki tena. Wewe kaa hapo hapo, kaka yangu, usihame. Kulungu akipita kwako anafika kwangu ametulia kabisa, hana wasiwasi wowote. Nitakupikia pasti mwenyewe kila mwaka, mbili mbili, moja kwa kila kwapa."

Andikeni basi, enyi wenye kuandika mambo ya mataifa, andikeni kwa wino usiofutika kwa maji! Hivi ndivyo Taisto mwana wa Reino, Mwenye Mikono Mikavu, Mshindi wa Novemba, alivyolitwaa dungu la baba yake, asinyang'anywe tena na mtu. Hata leo msimu ukifunguliwa hupanda kabla ya mapambazuko, akakaa mpaka giza, na mvua haijaipata mikono yake hata mara moja. Nao kulungu wakubwa wa kinamasi kile hupita chini yake bila haraka, husimama wakajikuna kwenye ngazi, kisha huteremka kijitoni kwa Lempi.